Kompyuta ya Kibiti na dawa ya kuongeza mbio

Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeolewa huko huko Pwani. Hapana jamani, nilikuwa TP Kibiti, nimerudi chuo juzi tu na vumbi la barabara bado liko kwenye begi. Nina hadithi za daftari zima, lakini leo nataka niongelee jambo moja lililoninyima usingizi kule, halafu nikirudi nalo hapa likanipeleka maktaba. Ni hizi programu tunazopeana kwa flashi, za kusafisha na kuongeza mbio za kompyuta. Je, zinafanya kazi kweli, au zinatuchezea akili?

Kwanza kisa chenyewe. Shule niliyopangiwa (jina naliacha) ina kompyuta moja ambayo ndiyo roho ya ofisi ya taaluma. Ilikuja kama msaada, ina Windows 7 na RAM ya GB 1. Ukiiwasha unaweza kwenda kunywa chai, ukala na chapati, ukarudi ukaikuta bado inajifikiria. Mwalimu wa taaluma ni mzee mmoja wa Kindengereko mwenye utani mwingi. Siku ya pili tu akaniita: "Mwanangu, nyie ndio mnaoshinda na makompyuta huko chuoni. Hebu mtibie huyu mgonjwa."

Basi na mimi, sifa zikanipanda kichwani. Nikachomeka flashi, nikaweka programu moja ya bure niliyokuwa nayo. Ikachunguza dakika kumi, ikaleta hesabu kwa maandishi mekundu: makosa zaidi ya elfu moja! Walimu wote wakaja kutazama. Nikabonyeza "rekebisha yote". Nyekundu ikageuka kijani, ikaandika kwamba kompyuta sasa ina afya njema. Nikapigiwa makofi wadau, nisiwafiche. Mchana ule nililetewa soda.

Kesho yake asubuhi programu inayotunza alama za wanafunzi ikakataa kufunguka. Ndani yake mlikuwa na matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, na kikao cha wazazi kilikuwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Diski ya kuisakinisha upya hakuna aliyejua iko wapi. Tulitoa karatasi za alama kabatini, mimi na mzee, tukaanza kuandika upya somo moja baada ya jingine, mtoto mmoja baada ya mwingine. Tulimaliza adhana ya alfajiri ya Jumamosi inalia. Mzee hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, kabla ya kumpa dawa, ulimpima?"

Sikuwa nimempima. Sikujua ilikuwa inachukua dakika ngapi kuwaka kabla, wala baada. Nilichokuwa nacho ni rangi nyekundu na rangi ya kijani. Hilo swali ndilo lililonifanya nitafute historia ya hizi dawa.

Tuanze mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye serikali ikajaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi, mambo yakavurugika, ikabidi warudi kwenye kazi ya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku ilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Watu wengi husimulia jambo hili kama kichekesho, ati tuliogopa maendeleo. Mimi naliona tofauti kidogo. Kabla ya marufuku kulikuwa na imani kwamba ukileta mashine yenye nguvu zaidi, mahesabu yatajinyoosha yenyewe. Hayakujinyoosha, kwa sababu mashine inafanya haraka kile unachokipanga, na kama mpangilio ni mbovu utaupata ubovu huo kwa haraka zaidi.

Wakati sisi tuko kwenye marufuku, wenzetu Marekani wakaanza kutumia kompyuta ndogo za mezani. IBM walitoa yao mwaka 1981, na mwaka uliofuata Peter Norton akatoa Norton Utilities. Sasa hapa tuwe wa haki: programu za zamani za aina hii zilikuwa na kazi ya kweli. Ya Norton ilijulikana sana kwa kurudisha faili uliloifuta kwa bahati mbaya, jambo ambalo DOS yenyewe haikuweza. Baadaye zikaja za kupanga upya diski. Diski za wakati ule zilikuwa na sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma, na faili likikatwakatwa vipande huku na huku kichwa kinapata kazi ya kukimbilia kila kipande. Ukivipanga pamoja, safari zinapungua. Hiyo ni faida unayoweza kuipima kwa saa.

Halafu kulikuwa na suala la kumbukumbu. Chini ya DOS, programu za kawaida zilibanwa ndani ya KB 640 hata kama umenunua zaidi. Programu kama QEMM zilihamisha vitu vidogo vidogo kwenda sehemu ya juu ya kumbukumbu ili nafasi ya chini ibaki wazi. Zilisaidia kweli, mpaka Microsoft nao wakaweka kifaa chao cha kazi hiyo, MemMaker, ndani ya MS-DOS 6 mwaka 1993. Kwa hiyo jibu la swali letu kwa miaka ile ni ndiyo. Palikuwa na kizuizi kinachojulikana, na programu ilikwenda moja kwa moja kwenye kizuizi hicho.

Mambo yaliharibika mwaka 1995. Windows 95 ilitoka Agosti, ikawa na njaa ya RAM, na RAM wakati huo ilikuwa ghali. Kampuni moja ya California iliyoitwa Syncronys ikauza programu inayoitwa SoftRAM95, ikiahidi kwamba itaifanya RAM yako iwe mara mbili bila kununua chochote. Watu wakainunua kwa mamia ya maelfu. Jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't likaichunguza, na huko Marekani mtaalamu Mark Russinovich na wenzake wakaifungua ndani. Wakakuta haifanyi kile ilichoahidi. Ile picha ya kuonyesha kumbukumbu imeongezeka ilikuwa picha tu. Mwaka 1996 Tume ya Biashara ya Marekani ikaibana kampuni, na mwaka 1998 ikafilisika.

Ninaposema picha tu, nakumbuka kile kijani changu cha Kibiti, na naona aibu upya.

Lakini biashara haikufa, ilibadilisha nguo. Miaka ya 2000 tukaletewa aina mbili kubwa. Ya kwanza ni za "kuachia RAM". Russinovich aliziandikia pia, akaeleza ujanja wake, na ni rahisi kuuelewa. Programu inaomba kumbukumbu nyingi kwa mkupuo. Windows, kwa kuwa imebanwa, inazitoa programu nyingine kwenye RAM na kuzipeleka diski. Kisha ile iliyoomba inaachia ilichochukua, na namba ya RAM iliyo wazi inapanda juu. Unafurahi. Ukirudi kwenye barua uliyokuwa unaandika, kompyuta inabidi iisome tena kutoka diski, ambayo ni polepole kuliko RAM. Ni sawa na konda anayewashusha abiria wote stendi ya Kibiti ili aseme "basi tupu hili, nafasi kibao", halafu wote wanapanda tena kwa kugombania mlango. Basi halijaongezeka siti hata moja, na muda umepotea.

Ya pili ni za kusafisha rejistri, yaani lile daftari kuu ambamo Windows na programu zinaandika mipangilio yake. Ni kweli kwamba linabaki na mistari ya programu zilizokwishaondolewa. Lakini daftari hilo lina mistari mingi mno na limepangwa kwa matawi, hivyo kompyuta haisomi lote kila inapotafuta kitu. Inakwenda kwenye tawi husika. Ukifuta mistari elfu moja iliyokufa, safari yake haifupiki kwa kiasi cha wewe kuhisi. Na ukikosea ukafuta mstari ambao programu fulani inautegemea, ndiyo hivyo, mnakesha na karatasi za alama. Microsoft wenyewe wamesema wazi kwamba hawaungi mkono matumizi ya visafishaji hivi.

Sasa mtu atauliza, mbona huku kwetu zilienea sana? Nadhani sababu ziko za kutosha. Kompyuta nyingi zilizotufikia zilikuwa zimeshatumika kwingine, kwa hiyo zilikuwa nzito tangu siku ya kwanza. Kabla ya mkondo wa SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, intaneti yetu ilipitia zaidi kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua, na kusasisha mfumo au dawa ya virusi ilikuwa shughuli. Virusi vya flashi vikatutafuna. Kompyuta inalemewa na virusi, wewe unaona "imechoka", mtu anakupa CD ya kuiongezea mbio. CD hiyo haimgusi virusi, lakini inakupa la kufanya. Na kwa mtu asiye na hela ya kununua RAM, kitu cha kufanya ni faraja. Siwacheki watu, na mimi nimo.

Kuna wengine walioitumia hofu yetu kwa makusudi. Mwaka 2019 duka kubwa la Marekani, Office Depot, na kampuni ya Support.com, walikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara. Wateja walikuwa wanafanyiwa "uchunguzi wa afya" ya kompyuta. Mwanzoni uliulizwa maswali manne, kwa mfano kama kompyuta yako imekuwa polepole. Kwa mujibu wa tume, ukijibu ndiyo hata kwa swali moja, majibu ya uchunguzi yangesema kuna dalili za virusi, hata kama hamna kitu. Hebu fikirieni, unapimwa kwa kuulizwa unajisikiaje, kisha unauziwa dawa! Na hata zile zenye jina zuri si salama siku zote. CCleaner, iliyoanza 2004 na ambayo karibu kila mtu hapa hosteli amewahi kuwa nayo, iliingiliwa na wahalifu mwaka 2017, toleo lake moja likasambazwa likiwa na sumu ndani, na zaidi ya watu milioni 2 wakawa nalo kwenye kompyuta zao.

Mpaka hapa ningeweza kufunga kwa kusema "programu hizi ni uongo, kwaherini". Lakini nikiwa Kibiti nilijifunza kisa kingine cha huko huko ambacho kinanikataza kujibu kirahisi hivyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kibiti ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Rufiji. Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Kanada kiitwacho IDRC, ikaanzisha mradi uliojulikana kama TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lao lilikuwa kama letu, ila lilihusu mfumo wa afya: je, unaweza kuufanya mfumo maskini ufanye kazi vizuri zaidi bila kuubadilisha wote? Benki ya Dunia ilikuwa imeandika mwaka 1993 kwamba fedha kidogo zikielekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi zingeokoa wengi. TEHIP ikaja kulijaribu hilo kwenye ardhi halisi.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kupima. Kuanzia mwaka 1998 wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 31 upande wa kaskazini wa mto, Ikwiriri, Kibiti, Bungu na kandokando yake, watu kama 85,000. Walirudi kila miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki na kwa dalili gani. Kwa nini nyumba kwa nyumba? Kwa sababu watu wengi wanafia nyumbani, na kitabu cha hospitali hakiwaoni.

Kitu cha pili, na hapa ndipo nilipokaa wima kwenye kiti, ilikuwa ni programu ya kompyuta. Ilikuwa ndogo na rahisi. Unaingiza takwimu za maradhi na unaingiza bajeti ya wilaya, nayo inakuchorea michoro miwili: huu ndio mzigo wa maradhi, na hapa ndipo fedha zenu zinakokwenda. Basi. Haikuahidi kumponya mtu.

Na michoro haikufanana. Morogoro, malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilipata asilimia 5 tu. Kifua kikuu kilichukua chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, na kilipata asilimia 22 ya fedha. Hakuna aliyeiba. Ni kwamba kila mwaka bajeti ilinakiliwa kutoka ya mwaka uliopita, na hakuna aliyekuwa na picha ya mzigo ulipo.

Baada ya kuona, wilaya zikahamisha fedha. Zikaenda kwenye vyandarua vyenye dawa, kwenye matibabu bora ya malaria, na kwenye kuwafundisha wauguzi kumtazama mtoto mgonjwa kwa ujumla wake badala ya kutibu homa peke yake. Fedha za nyongeza walizoweza kuzitumia zilikuwa kama senti 80 za dola kwa kila mtu kwa mwaka. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000, na vya walio chini ya miaka mitano kutoka 140 hadi 120. Ndani ya miaka mitano hivi vya chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Sisi wa historia tumefundishwa kutokimbilia sababu moja. Vifo vya watoto vilipungua nchi nzima miaka ile, kutoka 147 kwa kila 1,000 katika utafiti wa 1999 hadi 112 katika ule wa 2004/05, kwa hiyo si haki kuuachia mradi mmoja sifa zote. Na kuna jambo jingine: visiwa na vijiji vya delta, kule Salale, Mbwera, Kiongoroni, ambako unakwenda kwa mtumbwi na maji yakikupwa unasubiri, havikuwa ndani ya vile vijiji 31. Kipimo kinaona pale kilipowekwa tu. Hata hivyo, Rufiji ilishuka kwa kasi ambayo huwezi kuipuuza, na chanzo chake hakikuwa mashine mpya.

Delta yenyewe ina somo lake, na hili nalisimulia kwa sababu wanafunzi wangu wa kidato cha pili walilipenda. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, kisha ikaharibika mitambo ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Waliifunika kwa matawi ili isionekane. Matawi yalisaidia kuificha, hayakugeuza chochote kwenye boila. Sehemu zilizoharibika ilibidi zifunguliwe, ziburuzwe na wapagazi nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zitengenezwe, zirudishwe. Mitambo ikapona. Je, meli ikatoka? Haikutoka, kwa sababu Waingereza walikuwa wameziba midomo ya mto, na Julai 1915 ikaangamizwa huko huko ndani. Wanafunzi wakanyamaza, halafu mmoja akasema, "Madam, kwa hiyo walitengeneza kitu kisichokuwa tatizo tena." Huyo mtoto nilimpa alama zote.

Basi, nikirudi kwenye swali. Programu ya kurekebisha mfumo inasaidia pale inapogusa kizuizi chenyewe. Kuzima programu zinazojiwasha zenyewe kompyuta inapowaka kunasaidia, na Windows ina sehemu hiyo bila kuweka kitu cha mtu. Kuachia nafasi diski ikiwa imejaa pomoni kunasaidia. Kupanga upya diski ya kuzunguka kunasaidia, ila ukiwa na SSD huna haja. Kutoa virusi kunasaidia sana. Kufuta mistari ya rejistri na "kuachia RAM" ni matawi ya mikoko juu ya meli. Na kwenye simu zetu ni hivyo hivyo: Android inajua kuzipanga programu zake, na ile ya kuziua zote kila dakika inazifanya zianze upya na kula chaji.

Wiki yangu ya mwisho Kibiti nilirudi kwa mgonjwa wetu. Safari hii nilimpima kwanza, kwa saa ya simu, mara tatu, nikaandika kwenye daftari. Ilikuwa dakika sita na ushee. Nikanakili alama zote kwenye flashi mbili, moja akakaa nayo mzee. Nikazima vitu vinavyojiwasha, nikapima: dakika tano kasoro. Kisha fundi mmoja wa mjini akatupatia RAM ya GB 2 iliyotumika, tukapuliza vumbi, tukaiweka. Dakika mbili na kidogo.

Mzee akaitazama ile karatasi ya vipimo, akaikunja, akaiweka kabatini pamoja na karatasi za alama. Akasema, "Hii tutamwonyesha atakayekuja na flashi mwakani."

Ni hayo tu kwa leo wadau. Ngoja nikasome, nina majaribio mawili wiki hii na sijagusa kitu. Mwenye flashi yangu ya bluu aniletee, na tafadhali, asiisafishe. Alamsiki!